Mbwa Anapoachwa kwa Jirani

Katika nyumba nyingi za Kinyamaseke, kwenye barabara kuu itokayo Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, mbwa ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Usiku humbwekea mwizi anayelisogelea zizi la mbuzi, na mchana huwafukuza nyani wanaonyemelea mahindi. Hata hivyo, mwenye nyumba anapolazimika kusafiri, mlinzi huyu ndiye wa mwisho kufikiriwa. Mbuzi hukabidhiwa kwa hesabu, ufunguo huachiwa mtu mwaminifu, na kahawa iliyoanikwa hupata mwangalizi. Mbwa hufungwa kamba kwa jirani, basi.

Katika miji mikubwa ya Ulaya ziko nyumba maalumu za kuwalaza mbwa ambao wenyewe wamesafiri, na watu hulipa fedha nyingi. Kwetu nyumba hiyo ni ya jirani, ya ndugu au ya shemeji. Si mahali pabaya hata kidogo, maadamu pameandaliwa. Ndugu msomaji, makala haya yanahusu maandalizi hayo, kwa sababu mbwa aliyeachwa ovyo huweza kuleta msiba ambao hakuna aliyeutazamia.

HAJUI KAMA UTARUDI

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye shamba la kahawa, ambaye binti yake amelazwa katika hospitali ya Kagando, kule Kisinga. Mama hana budi kukaa huko amuuguze, pengine wiki mbili. Watoto wanaelezwa, nao wanaelewa kwamba mama atarudi. Mbwa hawezi kuelezwa. Kwake yeye, mtu wake ametoweka, nyumba imefungwa, na yeye mwenyewe amepelekwa mahali penye harufu ngeni.

Wako watakaocheka wakisikia kwamba mbwa huwa na majonzi. Lakini mwaka 1998 wataalamu wa Budapest, nchini Hungaria, walitangaza matokeo ya jaribio lililobuniwa hapo awali kwa ajili ya kupima jinsi mtoto mchanga anavyomtegemea mama yake. Mbwa aliingizwa katika chumba kigeni pamoja na mwenyewe, kisha mwenyewe akatoka na kumwacha na mtu asiyemjua. Mwenyewe alipokuwapo, mbwa walicheza na kupekuapekua chumba. Alipotoka, walisimama mlangoni. Ndivyo afanyavyo mtoto mdogo.

MATAYARISHO

Jambo la kwanza ni kumzoesha kabla ya haja. Watu wa Kasese wanajua vyema kwamba safari nyingine hazipigi hodi. Mwezi wa Novemba 1996 wapiganaji wa ADF walipovamia Mpondwe, na tena Mei 2020 mito iliposhuka kwa ghadhabu kutoka milima ya Rwenzori, watu wengi walihama nyumba zao kwa ghafla. Kwa hiyo usingoje siku ya dharura. Mpeleke mbwa kwa huyo atakayemtunza mara mbili au tatu, ale huko, acheze na watoto wa huko, na ikiwezekana alale usiku mmoja. Kama mwenyeji ana mbwa wake, wakutanisheni kwanza njiani, si uani, maana kila mbwa huulinda ua wake.

Jambo la pili ni harufu. Mbwa huijua dunia kwa pua kuliko kwa macho. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliopima ubongo wa mbwa walieleza kwamba harufu ya mtu wanayemzoea iliamsha sehemu ya ubongo inayohusika na kutazamia jambo jema, kuliko harufu nyingine walizonusishwa. Basi mwachie kipande cha kanga kuukuu au shati la kazini ambalo halijafuliwa, pamoja na gunia analolalia. Usilifue gunia hilo kwa kuona haya mbele ya wenyeji. Uchafu huo ndio barua yako kwake.

Jambo la tatu ni chakula na saa zake. Kama nyumbani anakula ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki jua linapotua, basi na huko ale vivyo hivyo, katika bakuli lake mwenyewe. Kubadilisha chakula ghafla humharisha, na mbwa mwenye wasiwasi tayari ana tumbo dhaifu. Tena, mbwa wa aina hiyo hutafuna chochote akipatacho. Kwa hiyo asifungwe karibu na mikeka ya kahawa, kwani kafeini iliyomo katika buni ni sumu kwake.

Haya yote yasemwe waziwazi siku ya kumkabidhi:

"Shemeji, huyu Askari nakuachia. Hula jioni, wala hapendi kuguswa anapokula. Ukimwita kwa jina, atakusikiliza."

"Usiwe na wasiwasi, shemeji. Wewe mtunze mgonjwa. Askari yumo mikononi mwetu."

Kisha ondoka kwa utulivu. Usimkumbatie kwa machozi, kwa maana hofu yako ataishika. Wala usimtoroke, akaja kugundua ghafla kwamba haupo.

SIKU TATU ZA KWANZA

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa jembe lisubiri kidogo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1997 huko Ohio, Marekani, mbwa walioletwa katika kituo cha kuwahifadhi walikutwa na kiwango kikubwa zaidi cha kotisoli, yaani homoni inayopanda mwili unapokuwa na mashaka, katika siku tatu za mwanzo. Mwaka uliofuata wataalamu hao walieleza kwamba kupapaswa na mtu kwa upole kuliweza kuipunguza hali hiyo.

Basi mwenyeji asimtake alinde nyumba tangu usiku wa kwanza. Ampe kivuli, maji safi na mahali pa kujificha. Kama ni lazima kumfunga, kamba iwe ndefu, isifike kwenye ua ambao akiuruka atajinyonga. Ateuliwe mtu mmoja wa kumlisha na kumtembeza asubuhi na jioni, ili mbwa apate wa kumtegemea. Watoto wasimzingire wala wasimvute mkia. Akilia usiku, asipigwe: fimbo haiondoi upweke, bali humfundisha kwamba mahali hapo ni pa kukimbiwa.

Na akikata kamba, ataelekea wapi? Atarudi kwao, hata kama mlango umefungwa. Njiani iko barabara kuu yenye malori yaendayo Kongo. Na upande wa bondeni iko Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, yenye chui na fisi. Mbwa wengi waliosemekana kuwa "wamepotea" walikuwa wakitafuta nyumbani.

HUZUNI SI KICHAA

Liko jambo lingine zito zaidi. Mbwa mgeni anayelia, anayekataa chakula na kuzungukazunguka huweza kudhaniwa ana kichaa cha mbwa, akapigwa mawe hadi kufa. Kwa upande mwingine, mbwa mwenye kichaa kweli huweza kudhaniwa ana huzuni tu, akakaribiwa na watoto. Makosa yote mawili ni ya hatari, kwa kuwa mtu akishaonyesha dalili za ugonjwa huo, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na wengi wao huambukizwa na mbwa.

Kwa sababu hiyo mbwa asiachwe kwa mtu kabla ya kuchanjwa, na cheti cha chanjo akabidhiwe mwenyeji pamoja na kamba. Mbwa mwenye huzuni kwa kawaida hunywa maji, hulitambua jina lake, na hali yake hutengenea siku zinavyokwenda. Mbwa anayeshindwa kumeza, anayetokwa na ute mwingi, aliyelegea taya au miguu, au anayeuma ovyo bila kuchokozwa, asiguswe kabisa, na daktari wa mifugo aitwe upesi. Aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mbwa mpole, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaangaliwe kama anahitaji chanjo. Mbwa aliyeuma, akiwa mzima, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10.

SIKU YA KURUDI

Mama wa Kagando anaporudi na binti yake amepona, Askari atamrukia na kulia kwa furaha. Ampokee kwa upole, ampeleke nyumbani, amlishe kwa saa ile ile ya zamani. Kwa siku kadhaa huenda mbwa akamfuata kila aendako, hata mtoni. Asimfukuze. Anahakikisha tu kwamba safari imekwisha.

Wala asimsahau shemeji. Aliyekulelea mbwa amekulindia mali yako na amewalinda watoto wa mtaa mzima. Kikapu cha mihogo au debe la mahindi si malipo, bali ni shukrani; na kesho shemeji akisafiri, mbwa wake naye atajua mahali pa kulala.