Mama Asipunguziwe Chakula Miezi ya Mwisho

Mimba ikifika mwezi wa saba, mama husikia shauri la wazee: "Mwanangu, usile sana, mtoto akinenepa tumboni utashindwa kumzaa." Shauri hili lasikika katika nchi nyingi za Afrika, wala halitolewi kwa ubaya. Wanaolitoa wamewaona wanawake wakifa katika uchungu. Walichokiona ni kweli, lakini sababu yake wameikosea.

Wasomaji wetu wa Wamaza hawana haja ya kutafuta ushahidi mbali. Hapo Kasongo, tangu mwaka 1971, madaktari wa nchini pamoja na wenzao wa chuo cha tiba cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi iliyoitwa Mradi wa Kasongo. Waliwapima akina mama kimo na kuwauliza habari za uzazi uliotangulia, ili wajue mapema ni nani atakayekwama. Matokeo yalitolewa mwaka 1984. Katika kila wanawake 10 waliohesabiwa kuwa hatarini, 9 walizaa bila kukwama; tena katika kila 100 waliokwama, 71 hawakuwa wametazamiwa. Ikiwa wenye vipimo hawakuweza kubashiri, sisi tutawezaje kwa kumnyima mama wali? Nyonga ya mwanamke hujengwa tangu utoto wake mwenyewe. Njaa ya leo haipanui mfupa. Kinga ya kukwama ni kuzalia mahali palipo na mkunga aliyefundishwa, karibu na hospitali ya kupasulia.

Tena njaa hiyo yaja wakati mbaya kuliko yote. Katika juma la 28 mtoto ana kilo 1 hivi. Akizaliwa kwa wakati wake ana kilo 3 hivi. Ndipo ubongo wake unapokua kwa haraka, na ndipo anapojiwekea akiba ya madini ya chuma kutoka katika damu ya mama. Maziwa ya mama, pamoja na wema wake wote, yana chuma kidogo. Mtoto huishi kwa akiba ile karibu miezi 6 ya kwanza. Mama akikosa damu, ghala ya mtoto huwa pungufu.

Basi ale nini? Hatumtumi mtu dukani kununua maziwa ya kopo. Sombe iliyotwangwa vizuri na kupikwa sana, yenye mawese na karanga, ni chakula cha heshima. Mawese yasichomwe mpaka yawe meupe, maana rangi ile nyekundu ndiyo inayompa mtu vitamini A. Samaki wa Lualaba, maharagwe, mayai, kumbikumbi katika majira yake, vyote hujenga mwili. Ugali wa muhogo peke yake hushibisha tu. Chungwa likiliwa pamoja na sombe husaidia damu kupokea chuma. Chai, na ule udongo ambao wajawazito wengi hupenda kuutafuna, huzuia.

Muhogo mchungu nao uloekwe siku zake zote, kisha uanikwe juani. Watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, walionyesha kwamba sumu ya muhogo usiotengenezwa vema, mahali penye upungufu wa madini ya yodi, huongeza rovu na kuharibu akili ya mtoto tangu tumboni. Kwa hiyo chumvi ya nyumbani iwe ile iliyotiwa yodi.

Wengine husema mjamzito ale kwa watu wawili; hilo nalo limezidi. Mlo mdogo mmoja juu ya ile ya kila siku watosha: wali na maharagwe, au ndizi na konzi ya karanga. Tumbo likibanwa, ale kidogo kidogo mara nyingi. Vidonge vya chuma vya kliniki asiviache kwa sababu choo kimekuwa cheusi, si ugonjwa.

Lakini twajua kwamba shida mara nyingi si shamba, ni upakuzi. Baba huandaliwa kwanza, kisha wageni, kisha watoto. Aliyebeba mimba hupata mchuzi na mifupa. Hapo mwenye neno ni baba. Aseme kipande cha samaki cha mama kitengwe kabla ya chake. Na mayai, ambayo mahali pengi desturi humkataza mjamzito, yasiende yote sokoni. Moja libaki, naye alile mbele ya mama mkwe.