Fundi na chombo chake: habari ya Vim na watoto wa Kibaale

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi katika atelie ya mgodi, umwombe siku moja akuazime ule ufunguo wake wa kufungulia buloni. Utaona uso unabadilika. Kuko funguo zingine mpya, zenye kung'aa, zimejaa mu sanduku, lakini ule wa zamani, uliolainika kwa mkono wake mwenyewe, hataki mtu aushike. Ukimwuliza sababu atajibu tu: «Huu njo nimeuzoea.»

Mafundi wa programu nao wako vile vile. Hao ni watu wanaoandika maagizo ambayo kompyuta, ile tunayoita ordinatere, inayafuata. Wanaweza kubishana usiku kucha juu ya lugha ya kuandikia maagizo hayo. Mmoja anasifu C, ambayo Dennis Ritchie aliitengeneza Marekani karibu na mwaka 1972. Mwingine anasifu Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum (jina hilo halikutoka kwa nyoka, lilitoka kwa wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza). Wa tatu anawacheka wote wawili. Lugha ya JavaScript, Brendan Eich aliitunga kwa siku kumi tu mwaka 1995. Mafundi wengi wanaisema vibaya, na hata hivyo ni kati ya lugha zinazotumika kuliko zote. Kwa hiyo usifikiri kwamba lugha inayopendwa na lugha inayoleta kazi ni kitu kimoja.

Wakimaliza mabishano ya lugha, wanaanza yale ya chombo cha kuandikia. Hapo njo moto unawaka kabisa.

Labda unauliza: chombo gani tena? Kumbe fundi wa programu haandiki hewani. Anahitaji programu nyingine inayomwonyesha herufi kwenye kioo, inayomsaidia kutafuta neno, kufuta mstari, kuhamisha kipande kutoka juu kwenda chini. Na ujue jambo moja: saa nyingi za kazi yake si za kuandika mapya, ni za kusoma na kutengeneza yaliyokwisha kuandikwa. Mtu anayegusa chombo kimoja tangu asubuhi mpaka jioni, miaka na miaka, hawezi kukosa kukipenda au kukichukia.

Vyombo viwili vya zamani vilizaliwa Marekani mwaka 1976. Kimoja ni Emacs, kilichotengenezwa na Richard Stallman na wenzake. Kingine ni vi, kazi ya kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, jina lake Bill Joy. Tangu wakati ule watu wa vi na watu wa Emacs wanataniana bila kuchoka, hata Stallman mwenyewe anavaa joho na kujiita mtakatifu wa «Kanisa la Emacs». Ni mzaha, msishtuke. Sisi leo tutashika njia ya vi, maana njo inatufikisha mpaka Uganda.

Kwa nini vi ni ya ajabu

Bill Joy alifanya kazi kutoka nyumbani kwa waya wa simu uliokuwa mzito kabisa: karibu herufi 30 kwa sekunde moja. Kioo cha wakati ule kilibeba mistari 24, kila mstari herufi 80. Piga hesabu mwenyewe: kujaza kioo mara moja tu kulichukua zaidi ya dakika nzima! Mtu wa namna hiyo hawezi kupoteza hata herufi moja. Basi akafanya kila agizo liwe fupi kadiri iwezekanavyo.

Ginsi alivyofanya ni hii. Katika vi kuko hali mbili. Katika hali ya kwanza, herufi unazobonyeza haziandikwi, ni maagizo. Ukibonyeza x, herufi moja inafutika. Ukibonyeza dd, mstari mzima unaenda. 3dd, mistari mitatu inaenda. Ukikosea, u inarudisha ulichofuta. Ukitaka kuandika, bonyeza i, na hapo klavye inakuwa klavye ya kawaida. Ukimaliza, bonyeza Esc, unarudi kwenye maagizo. Tena maagizo yanaungana kama maneno ya lugha: d ni «futa», w ni «neno», basi dw ni «futa neno». Aliyejifunza vitenzi vitano na majina matano amekwisha kupata maagizo ishirini na tano. Ndiyo sababu walioizoea hawataki kuiacha. Mikono haitoki kwenye herufi, macho hayatoki kwenye kazi.

Hata mishale ya kwenda juu na chini haitumiki sana. Kwenye mashini ya Bill Joy, mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L, kwa hiyo akatumia hizo. Ile mashini siku hizi utaiona mu makumbusho, lakini vidole vya mafundi wa leo vingali vinapita njia ile ile.

Ubaya wake? Mgeni akifungua mara ya kwanza anaandika, na herufi hazionekani, ama maandiko yanafutika mbele ya macho yake. Anataka kutoka, hajui mlango uko wapi. Msicheke. Swali la «namna gani kutoka katika Vim» liliulizwa kwenye Stack Overflow, mahali pa intaneti ambapo mafundi wanaulizana, na mwaka 2017 lilikuwa limekwisha kufunguliwa mara zaidi ya milioni moja. Na wale ni watu wa kazi, si watoto wa kalasi.

Mholanzi na Amiga yake

Sasa Vim ni nini? Mwishoni mwa miaka ya 1980, Bram Moolenaar, mtu wa Uholanzi, alinunua ordinatere ya aina ya Amiga. Alikuwa amezoea vi, na kwenye Amiga vi nzuri haikuwako. Alifanya kama fundi yeyote anavyofanya akikosa chombo: akachukua kilichofanana nacho, programu ndogo inayoitwa Stevie, akaanza kuitengeneza upya jioni baada ya jioni. Mwaka 1991 aliitoa kwa watu wote. Haikupita kwa intaneti. Ilienda kwa disketi. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Fred Fish, aliyekusanya programu za bure kwenye disketi zenye namba, watu wakazinakili na kupeana. Vim ilikuwa kwenye disketi namba 591.

(Mwaka ule wa 1991 sisi hapa tunaukumbuka kwa mambo mengine. Wazazi watawaeleza vijana habari ya pilaje.)

Mwaka 1994 Moolenaar alifunga safari. Alienda kukaa mwaka mzima Kibaale, mji mdogo kusini mwa Uganda, katika wilaya ya Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania. Hakwenda kufundisha ordinatere. Kazi yake kule ilikuwa maji na vyoo, ili watu wapate maji safi. Wakati ule sida ilikuwa imepiga Rakai kuliko karibu kila mahali. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kati ya watu 350,000 wa wilaya ile, watoto kama 60,000 walikuwa wamefiwa na baba, au mama, au wote wawili. Mashamba yalikuwako na chakula kilikuwako. Waliokosekana ni wakubwa wa kulea. Bibi mmoja anabaki na wajukuu wengi, na minervali ya shule itatoka wapi?

Aliporudi kwao hakuanza kuuza Vim, ingawa angeweza. Aliiacha bure, pamoja na maandiko yake yote ya ndani, ili kila mtu aweze kuisoma na kuibadilisha. Lakini alitia ombi moja: kama programu hii inakufaa, usinilipe mimi, saidia watoto wa Kibaale. Akaunda shirika dogo, ICCF Holland, la kukusanya misaada hiyo kwa ajili ya shule na afya ya watoto wale. Asiye na kitu aliruhusiwa kuitumia bila kulipa hata senti. Na kwa miaka mingi, aliyeifungua Vim bila kuita andiko fulani mara nyingi alikuta kwenye kioo, chini ya jina la mtengenezaji, mstari mmoja unaosema kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Fikiri basi: fundi wa benki kule London, mwanafunzi wa Chicago, wote wanaanza kazi ya siku kwa kusoma jina la Uganda.

Niseme wazi, mimi mara ya kwanza kuusoma mstari ule niliona haya kidogo. Tena watoto wa Afrika, tena «maskini»! Hatuna jina lingine? Lakini nilipojua kwamba mwandishi wa mstari ule alikaa pale mwaka mzima akihangaikia maji na vyoo, na kwamba alirudi tena mara kadhaa kuangalia watoto wanavyoendelea, hasira ilipungua. Kuko tofauti kati ya mtu anayesema «maskini» kutoka mbali, na mtu aliyejua jina la kijiji.

Moolenaar aliendelea na Vim zaidi ya miaka thelathini. Alikufa tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Wenzake walichukua kazi, na tarehe 2 Januari 2024 walitoa Vim 9.1 wakiiweka kwa kumbukumbu yake.

Na wewe, kijana wa hapa?

Vijana wanasema: «Mimi sina ordinatere mpya, sina intaneti ya kila siku, nitaanza na nini?» Wengine wanangoja mjomba wa Ulaya alete mashini, miaka inapita. Ona vile. Betri za ordinatere nyingi za kubeba zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa kwetu. Jiwe letu linaenda mbali, linarudi ndani ya mashini inayouzwa kwa dola ambazo hatuna. Hiyo ni kweli na inauma. Lakini Vim haidai mashini ya namna hiyo. Inafanya kazi kwenye ordinatere iliyochakaa ambayo ofisi imeitupa, yenye memori ndogo, bila intaneti. Hata kwenye telefoni ya Android inawezekana, kwa njia ya programu ya bure inayoitwa Termux, ingawa kuandika kwa vidole viwili kwenye kioo kidogo ni mateso. Ukipata klavye ya kuunga, bora.

Sitaki kukudanganya kwamba dunia yote inatumia Vim. Katika uchunguzi wa mwaka 2023 uliofanywa na Stack Overflow hao hao, karibu robo tatu ya mafundi waliojibu walitumia Visual Studio Code ya kampuni ya Microsoft, nayo ni ya bure, na mgeni anaielewa upesi zaidi. Waliotaja Vim walikuwa kama mmoja kwa watano. Kama mashini yako inaweza kubeba hiyo ya Microsoft, anza nayo, hakuna dhambi. Kama inakwama kila dakika, usikae ukilia.

Lugha? Kwa anayeanza, mimi naona Python. Maneno yake ni machache, haina mapambo mengi, na inakwenda hata kwenye mashini dhaifu. Mwenzako akikwambia C njo lugha ya wanaume, mwache na C yake.

Na ninyi, baba na mama. Mkimkuta mtoto mbele ya kioo cheusi, hakuna picha, hakuna muziki, herufi nyeupe tu, msiseme: «Huyu anaharibu umeme bure.» Pengine njo yuko kazini. Ulizeni kwanza. Tena umeme ukikatika, Vim inaacha pembeni andiko dogo la akiba lenye sehemu kubwa ya yaliyoandikwa, na umeme ukirudi anaweza kuyaomba tena. Kwa mji kama wetu hiyo si jambo dogo.

Pamoja na Vim kuko somo la kujifunzia linaloitwa vimtutor. Linachukua kama nusu saa, na liko hata kwa Kifaransa. Lifanye mara tatu, siku tatu. Siku ya kwanza utaichukia, hilo nakuahidi.

Na ukishindwa kutoka, usizime mashini. Bonyeza Esc, andika nukta mbili, halafu q, halafu alama ya mshangao, na umalizie na Enter. Yote uliyoandika bila kuyatunza yatapotea. Kama unataka kuyatunza, mahali pa q na mshangao andika wq.