Hakimiliki Mtandaoni: Nani Abebe Gharama ya Kosa? (Sehemu ya Kwanza)

Tarehe 18 Januari 2012, aliyefungua Wikipedia ya Kiingereza alikuta ukurasa mweusi. Tovuti hiyo ilijifunga kwa saa 24 kupinga miswada miwili iliyokuwa mbele ya Bunge la Marekani: SOPA katika Baraza la Wawakilishi na PIPA katika Seneti. Google nayo ilifunika nembo yake kwa utepe mweusi na kutangaza kuwa watu zaidi ya milioni 7 wametia saini ombi lake la kupinga. Siku mbili baadaye miswada yote miwili iliwekwa kando.

Malalamiko yaliyoizaa yalikuwa ya kweli. Filamu na nyimbo zilikuwa zikisambazwa bila malipo na tovuti za ng'ambo ambazo mahakama za Marekani hazikuweza kuzifikia, na mtunzi anayeibiwa jasho lake ana haki ya kulindwa. Tatizo lilikuwa dawa yenyewe. SOPA, kama ilivyowasilishwa Oktoba 2011, ilimruhusu mwenye haki kuiandikia kampuni ya malipo au ya matangazo, nayo ikapaswa kuikatia huduma tovuti iliyoshutumiwa ndani ya siku 5, isipokuwa tovuti hiyo ijitetee kwa maandishi. Hakimu hakuhitajika. Kampuni changa isiyo na wakili ingekuwa imekwisha kabla ya kusikilizwa.

Wakati huo Marekani ilikuwa tayari na sheria nyingine, DMCA ya mwaka 1998. Kwa sheria hiyo, mwenye jukwaa hawajibiki kwa kila kinachopakiwa na watumiaji wake, mradi akipewa notisi aondoe upesi kazi iliyolalamikiwa. Aliyeipakia naye anaweza kupinga.

YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilikulia chini ya kinga hiyo. Machi 2007 kampuni ya Viacom iliishtaki, ikidai fidia ya dola bilioni 1 kwa vipande vya vipindi vyake vilivyozagaa humo. Katika utetezi wake, YouTube ilieleza jambo la kushangaza: kwamba Viacom yenyewe ilikuwa imewakodi mawakala wapakie vipande vyake kwa siri ili kuvitangaza, kisha ikadai baadhi yake viondolewe. Ikiwa mwenye mali mwenyewe hatambui kipi amekiruhusu na kipi kimeibwa, mwenye jukwaa angetambuaje? Juni 2010 Jaji Louis Stanton aliamua kwamba kujua kwa ujumla kuwa wizi upo hakutoshi. Lazima mwenye jukwaa ajue ni kazi ipi hasa. Baada ya rufaa, pande mbili zilipatana mwaka 2014.

Hata hivyo, notisi nazo hutumika vibaya. Mwaka 2007 kampuni ya Universal iliiondolesha video ya sekunde 29 ambayo mama mmoja alimrekodi mwanawe mdogo akicheza, wimbo wa Prince ukisikika kwa nyuma. Ilichukua hadi mwaka 2015 kwa mahakama ya rufaa kusema wazi kuwa mlalamikaji lazima kwanza apime kama matumizi hayo yanaruhusiwa na sheria. Miaka minane kwa sekunde 29!

Anayeumia zaidi upande wa pili ni msanii mdogo. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zilizonakiliwa, Content ID, haufunguliwi kila mtunzi. Wengi hubaki kusaka nakala wenyewe na kuandika notisi moja baada ya nyingine. Mizani ya haki ingempa huyu chombo kilekile walicho nacho wakubwa, na ingemwadhibu anayelalamika kwa uongo.

Kenya ilijaribu mwaka 2019. Marekebisho ya Sheria yake ya Hakimiliki yaliwapa watoa huduma za intaneti saa 48 za kazi kuzuia kazi iliyolalamikiwa, na yakafanya notisi ya uongo kuwa kosa la jinai. Sehemu ya pili itaichambua sheria hiyo kifungu kwa kifungu.