Kuuza Nyumba Ukapange, Ukisubiri Bei Ishuke

Mwaka 2004 mchumi wa Marekani, Dean Baker, aliuza nyumba yake mjini Washington akaenda kupanga. Alikuwa ameshaandika kwamba bei za nyumba nchini mwake zimevimba kupita kipato cha watu, na kwamba lazima zitaanguka. Zikaanguka kweli. Kutoka kilele cha 2006 hadi mwanzoni mwa 2012 zilipungua kwa zaidi ya robo kwa wastani wa nchi nzima, na katika miji kama Las Vegas na Phoenix zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini tazama tarehe. Baker alikuwa sahihi kuliko karibu wenzake wote wa taaluma, na bado alilipa pango miaka miwili huku bei zikizidi kupanda. Uingereza nako walikuwapo waliouza nyumba wakapanga kabla ya mporomoko wa 2007 hadi 2009, bei ziliposhuka kwa karibu asilimia 20. Walioweka fedha benki wakategemea riba iwalipie pango walikuta Machi 2009 Benki Kuu yao imeshusha riba yake hadi asilimia 0.5. Bei ilishuka kama walivyobashiri, na riba ikashuka nayo. Aliyechelewa kununua tena, hasa London, alikuta bei zimesharudi juu.

Nayasema haya kwa sababu swali lile lile limeanza kuulizwa Dar es Salaam. Mtu ana nyumba Mbezi au Tabata, anaona nyumba za kuuza zimejaa na wanunuzi hawaonekani, anajiuliza: si niuze sasa, nipange miaka miwili, bei ikianguka ninunue bora zaidi?

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano. Nyumba inauzwa Sh milioni 200. Dalali anachukua asilimia 5, milioni 10. Kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 80, na risiti unazo. Faida yako ni milioni 110, na Mamlaka ya Mapato inataka asilimia 10 ya faida hiyo: milioni 11. Wengi hudhani nyumba ya kuishi haitozwi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 humsamehe aliyeimiliki na kuishi humo angalau miaka 3, ila tu kama faida haizidi Sh milioni 15, na kwa bei za Dar kiasi hicho hupitwa hata na banda la uani. Asiye na kumbukumbu za gharama sasa huweza kutozwa asilimia 3 ya thamani, yaani milioni 6 katika mfano huu. Ni kichekesho kidogo: aliyetunza risiti kwa uaminifu analipa karibu mara mbili ya aliyezipoteza.

Unabaki na milioni 179. Ukipata mapato ya asilimia 12 kwa mwaka, tuseme kwenye hatifungani za serikali, ni kama milioni 21.5. Nyumba ya aina ile ile kuipanga ni Sh 800,000 kwa mwezi, milioni 9.6 kwa mwaka. Unabakiwa na milioni 12 hivi kila mwaka, na baada ya miaka miwili mfuko wako una milioni 203.

Hapo ndipo watu husisimka, na kwa kweli hesabu hii ina nguvu kuliko ile ya Uingereza. Pango la kwetu ni dogo ukilinganisha na bei ya nyumba, na serikali hulipa riba nzuri. Ila ondoa ushuru wa stempu wa asilimia 1 utakaponunua tena, ondoa wakili, lori la kuhamia mara mbili, na dalali wa pango anayetaka mwezi mzima. Tuseme milioni 6. Umebaki na 197. Kama bei imesimama pale pale kwenye 200, umerudi ulipoanza, pungufu kidogo. Ikishuka kwa asilimia 10, umepata milioni 17. Ikipanda kwa asilimia 6 tu kwa mwaka, nyumba ile ile sasa ni karibu milioni 225, na wewe umepungukiwa na milioni 28. Kupungukiwa huko hakuna mkopo wa kukuokoa kirahisi, maana mikopo ya nyumba hapa bado ni haba na riba yake kwa kawaida hufika asilimia 15 na zaidi.

Kwa hiyo swali lote linaishia kwenye moja: je, bei zetu hushuka?

Marekani bei zilianguka kwa sababu benki zilikuwa nyuma ya kila mlango. Mwenye nyumba akishindwa rejesho, benki huchukua nyumba na kuiuza kwa bei yoyote, na bei hiyo huwashusha majirani wote. Dar es Salaam nyumba nyingi zimejengwa kwa fedha taslimu, tofali kwa tofali, miaka sita, kumi. Hakuna rejesho la mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba asipopata bei anayoitaka, haiuzi. Anaingiza mpangaji, au anamweka mdogo wake.

Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma na fedha zikawa ngumu mitaani, wenye nyumba za kifahari Masaki na Oysterbay walipunguza pango, lakini walioshusha bei ya kuuza waziwazi hawakuwa wengi. Soko halikuporomoka. Lilinyamaza. Bei ikabaki kwenye mdomo wa muuzaji ile ile, nyumba ikakaa mwaka, miwili, na mfumuko wa bei ukaila thamani yake kimyakimya.

Anayesubiri tangazo kwamba bei zimeanguka anaweza kusubiri mpaka azeeke. Punguzo la Dar halitangazwi, hupatikana kwa muuzaji mmoja mmoja: mwenye ada ya mtoto, warithi wanaogawana, mtumishi aliyehamishwa. Kulipata kunahitaji fedha mkononi na subira ya kuzunguka na madalali, na mwenye nyumba yake anaweza kuzunguka pia.

Kuna pia maisha yenyewe ya kupanga. Sheria ya kudhibiti pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mwenye nyumba akitaka kupandisha mkataba ukiisha, anapandisha. Utaombwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Hata kodi ya jengo, ambayo ni ya mwenye nyumba, tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni wewe. Na fedha ya nyumba ikishakuwa fedha ya benki, ndugu wanaijua. Nyumba haiombwi mchango wa harusi. Mfano wangu ulichukulia kwamba milioni 179 zitakaa bila kuguswa, na katika familia nyingi ninazozijua hiyo ndiyo dhana dhaifu kuliko zote. Dhaifu ya pili ni ile asilimia 12: hatifungani za muda mrefu ukizihitaji kabla ya kuiva unaziuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, inayoweza kuwa chini ya uliyonunulia.

Wapo ambao kuuza kunawafaa: anayehamia Dodoma moja kwa moja, mstaafu mwenye vyumba sita na watoto walioondoka, mwenye deni linalomla kuliko hatifungani zinavyolipa. Hao wanauza kwa sababu ya maisha, na bei ikishuka baadaye ni ziada. Wakumbuke tu kwamba nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja. Ndiyo maana kuta nyingi za jiji hili zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi. Maandishi mengine ni kwa sababu ya matapeli, mengine ni ugomvi wa ndani.

Kwa anayeshuku soko tu, mimi humshauri jambo la katikati: apangishe kubwa, apange ndogo. Kodi ya asilimia 10 kwenye pango atalipa, lakini tofauti itaingia mfukoni, na siku bei zikipanda atakuwa bado ana nyumba. Mkataba wa mpangaji uwe wa mwaka mmoja, hali ya kuta na mabomba iandikwe kabla ya kukabidhi funguo, na risiti za ujenzi zisiachwe kwenye kabati la nyumba aliyompa mtu.