Ushirika na Mungu katika Ukristo

Ushirika na Mungu katika Ukristo ni uhusiano wa karibu kati ya mwamini na Mungu, unaopatikana kwa imani katika Yesu Kristo na kudumishwa na Roho Mtakatifu. Kwa Wakristo, uhusiano huo si hisia tu, wala si fungu la watawa na mapadri peke yao. Ni wito wa kila mbatizwa, na unapimwa katika maisha ya kila siku.

Mfano mmoja wa jinsi wito huo unavyoishiwa unapatikana katika Wilaya za Kisarawe na Kibaha, Mkoa wa Pwani, Tanzania, ambako Wakristo huishi pamoja na Waislamu wengi.

## Jina

Neno "ushirika" lina asili ya Kiarabu. Katika Biblia ya Kiswahili hutumika kwa uhusiano wa waamini na Mungu na wa wao kwa wao. Walutheri huita parokia yao "usharika", neno la asili hiyohiyo.

Katika Uislamu, neno lingine la asili hiyo, "shirki", ni dhambi ya kumpa Mwenyezi Mungu mshirika. Kwa hiyo, penye majirani wa dini zote mbili, maana inahitaji kuelezwa: Mkristo hadai kuwa sawa na Mungu, bali anakiri kwamba Mungu mmoja amemkaribisha kushiriki uzima wake kama mtoto kwa baba.

## Msingi katika Biblia

Agano la Kale linasimulia kwamba Henoko alikwenda pamoja na Mungu (Mwanzo 5), na kwamba Musa alisema naye kama mtu asemavyo na rafiki yake (Kutoka 33). Katika Injili ya Yohana, sura ya 15, Yesu anajilinganisha na mzabibu, na wanafunzi wake na matawi: tawi likikatwa haliwezi kuzaa.

Madhehebu yanasisitiza mambo tofauti. Walutheri huanza na imani inayopokea neema bila malipo. Wakatoliki na Waorthodoksi hutilia mkazo sakramenti na utakaso. Vikundi vya uamsho, ulioenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930 kutoka Rwanda na Uganda, huhimiza toba ya wazi na "kutembea nuruni", yaani kuishi bila kuficha dhambi.

## Historia katika Kisarawe

Mwaka 1888 Wabenedikto wa Mt. Ottilien, Ujerumani, walianzisha misheni Pugu, kwenye vilima vilivyo karibu na Kisarawe. Kanuni yao iliunganisha sala na kazi za mikono. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilishambuliwa na watawa watatu wakauawa.

Walutheri wa Ujerumani walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1925 Waanglikana wa UMCA walianzisha Chuo cha Mt. Andrea huko Minaki, ambako ibada ilikuwa sehemu ya ratiba ya wanafunzi, wakiwemo walimu watarajiwa.

Wazaramo walimjua Muumba tangu zamani. Lakini katika ukame au ugonjwa walitambika kwa wahenga, na wengine waliheshimu Kolelo, mzimu wa milima ya Uluguru. Jipya katika mafundisho ya wamisionari halikuwa kwamba Mungu yupo, bali kwamba kwa njia ya Kristo mtu yeyote, hata mtoto, anaweza kumwendea moja kwa moja na kumwita Baba.

## Njia za kuudumisha

* Sala, ya binafsi na ya familia. Mtakatifu Teresa wa Avila (1515–1582) aliieleza kama mazungumzo ya kirafiki na Mungu.
* Neno la Mungu, kwa kulisoma na kulitafakari.
* Sakramenti, hasa ubatizo na Chakula cha Bwana.
* Jumuiya. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki wamehimiza jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumbani kwa waamini.

Kibaha, makao makuu ya mkoa, ina wakazi waliotoka sehemu nyingi za nchi. Kwa aliye mbali na ukoo wake, jumuiya huwa ndugu wa karibu. Katika shule za sekondari nchini, wanafunzi hukutana katika vyama kama UKWATA, TYCS na CASFETA.

## Kipimo chake

Ushirika na Mungu hujaribiwa hasa wakati wa shida. Mtoto anapougua na dawa ya hospitali isifanye kazi upesi, ndugu wanaweza kushauri aitwe mganga atafute mchawi. Makanisa hufundisha kwamba mwamini aendelee kusali na kutafuta tiba, bila kumshtaki jirani kwa uchawi. Kukataa ushauri wa wazee kunaweza kumgharimu amani na ukoo, na hapo jumuiya inatakiwa kuwa naye, isimwachie mzigo peke yake.

Kipimo cha pili ni upendo. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, unafundisha kwamba asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Kwa hiyo sala ndefu haitoshi. Kumtembelea mgonjwa, kulipa deni na kushiriki mazishi ya jirani wa dini nyingine ni matunda ya tawi linalokaa katika mzabibu.