Kipakiti cha Mwanamume, Dozi ya Mwanamke

Uingereza, mwanamke aliyekoma hedhi akiandikiwa testosteroni, huenda akatoka duka la dawa na boksi la jeli ya wanaume. Kipakiti kimoja cha Testogel kina miligramu 40.5, na mwanamume hukimaliza kwa siku moja. Mwanamke huambiwa kimfikishe siku nane. Kila asubuhi hukamua kidogo, kiasi cha punje ya njegere, akajipaka pajani, akakunja mdomo wa kipakiti na kukibana kwa kibanio mpaka kesho. Mizani yake ni jicho.

Si kwamba homoni hii ni mali ya wanaume. Ovari na tezi za adrenali huitengeneza mwilini mwa mwanamke. Hupungua polepole tangu ujanani, ila kwa aliyetolewa ovari zote mbili huporomoka ghafla. Tatizo ni kwamba dawa ya kipimo cha mwanamke imekuwa adimu. Plasta ya testosteroni ya wanawake, Intrinsa, ilikataliwa na washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004, ikakubaliwa Ulaya 2006, na kufikia 2012 ilikuwa imetoweka sokoni. Australia ilisajili krimu ya wanawake, AndroFeme, mwaka 2020: miligramu 5 kwa siku.

Penye pengo, wafanyabiashara hawalali. Kuna kliniki zinazopima damu, zikaonyesha tarakimu iliyo chini, kisha zikauza dozi “iliyotengenezwa kwa ajili yako”, wakati mwingine kidonge kinachopandikizwa chini ya ngozi. Ukisikia hivyo, shika pochi yako. Tamko la kimataifa la mwaka 2019 kuhusu testosteroni kwa wanawake, lililoongozwa na Profesa Susan Davis wa Chuo Kikuu cha Monash, lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha damu kinachoweza kumtenga mwenye upungufu na asiye nao. Sababu pekee iliyothibitishwa ya kutoa dawa hii ni mwanamke aliyekoma hedhi, hamu ya tendo la ndoa imemwishia, na jambo hilo linamsononesha. Anayesononeka awe yeye, si mumewe. Uchovu na usahaulifu havimo.

Basi kipimo cha damu ni cha nini? Ni breki. Hupimwa kabla ya kuanza, kisha wiki tatu hadi sita baadaye, kwa sababu ngozi hazifyonzi sawa: krimu ileile humfaa mmoja na kumzidi mwingine.

Kazi kubwa zaidi hufanyika kabla ya kalamu kugusa karatasi ya dawa. Je, anameza dawa za sonona? Baadhi huua hamu. Tendo lenyewe linamuuma kwa ukavu? Hilo lina tiba yake. Anatumia estrojeni ya vidonge? Hiyo huongeza protini inayoishika testosteroni kwenye damu, na pengine kuhamia plasta ya estrojeni kutatosha. Na nyumbani je, wanaongea? Daktari mwenye dakika kumi hafiki huko.

Miezi sita ikipita bila nafuu, dawa inaachwa. Nywele zikiota pale anapopaka, ahamishe sehemu. Chunusi zikizidi, apunguze dozi. Sauti ni habari nyingine, maana ikishakuwa nzito huenda isirudi. Krimu unaweza kuiacha leo, lakini kidonge kilichopandikizwa kitaendelea kutoa homoni kwa miezi, utake usitake.