Kinachowekwa Ndani ya Pua: Usalama wa Vipandikizi katika Upasuaji wa Kurekebisha Pua

Upasuaji wa kurekebisha pua, uwe wa kuirudishia umbo baada ya ajali na maradhi au wa kuibadili kwa ajili ya urembo, mara nyingi humlazimu daktari kuongeza kitu pale palipobonyea au palipokosa nguvu. Kitu hicho huitwa kipandikizi, nacho huweza kuwa tishu ya mgonjwa mwenyewe, tishu iliyotolewa kwa mtu aliyefariki, au kifaa cha kiwandani. Kwa kuwa hutarajiwa kukaa mwilini kwa miongo kadhaa, usalama wake haupimwi kwa sura ya pua siku bandeji inapoondolewa, bali kwa jinsi mwili utakavyokivumilia miaka mingi baadaye.

Historia imelithibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya na Marekani walidunga nta ya parafini chini ya ngozi ya pua, hasa kwa wagonjwa ambao pua zao zilikuwa zimebonyea kwa sababu ya kaswende, na matokeo ya siku za mwanzo yakawapendeza wengi. Baadaye nta ilihama na kuzusha vinundu vigumu, na ilipoingia katika mishipa ya damu baadhi ya wagonjwa walipofuka, kwa sababu ateri za pua zimeungana na zile za jicho. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifika kwa uzuri wake, aliharibika uso baada ya nta aliyodungwa puani kuteremka hadi kidevuni. Hatari hiyo ya upofu ingalipo hata leo kwa wanaodungwa vijazio puani ili kukwepa kisu.

Kipandikizi kinachoaminiwa zaidi ni gegedu ya mgonjwa mwenyewe, yaani ile tishu imara lakini yenye kunyumbulika inayolipa sikio umbo lake. Gegedu haina mishipa ya damu ndani yake, bali hupata lishe kutokana na majimaji yanayopenya kutoka tishu za jirani, na kwa hiyo huweza kuhamishwa ikaendelea kuishi, wala kinga ya mwili haiikatai kwa kuwa si ngeni. Daktari huanza kwa kuichukua katika ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua, akiacha utepe wa angalau sentimita 1 upande wa juu na wa mbele ili pua isiporomoke. Gegedu ya sikio hupatikana kwa urahisi, ila ni laini na imepinda. Ya ubavu ni nyingi na yenye nguvu, lakini kuitoa huacha kovu na maumivu ya kifua, huweza kutoboa utando unaozunguka pafu, na kipande chenyewe huweza kujikunja baada ya kuchongwa. Mwaka 1958 watafiti Gibson na Davis walieleza kwamba kipande kikichongwa kwa uwiano pande zote, mikazo yake ya ndani husawazika na kujikunja hupungua.

Mgonjwa anayetaka kuepuka jeraha la pili huweza kuwekewa gegedu ya ubavu ya marehemu iliyosafishwa kwa mionzi ya gama. Mionzi huua vijidudu, lakini huua pia seli za gegedu, na kwa hiyo mwili huweza kuinyonya kidogo kidogo hadi umbo la pua likapungua.

Vifaa vya kiwandani havihitaji jeraha la pili wala havinyonywi. Silikoni, inayotumika sana Korea Kusini na kwingineko katika Asia ya Mashariki, haiungani na mwili, bali huzungushiwa mfuko wa kovu ambao huweza kukaza na kuifupisha pua. Polithilini yenye vitundu huruhusu tishu kuota ndani yake na kuishikilia, ila uimara huohuo huwa tatizo inapolazimika kuondolewa. Bakteria wakijishikiza juu ya kifaa chochote cha aina hii, hujifunika kwa utando ambao dawa na chembe za kinga hupata shida kuupenya, na mara nyingi tiba huwa ni kukitoa.

Hata hivyo, jina la kipandikizi peke yake halitoshi kuamua usalama. Silikoni iliyolala juu ya mgongo wa pua chini ya ngozi nene haina hatari sawa na ile inayosukuma ncha ya pua, ambako ngozi iliyokazwa huweza kukonda, kuwa nyekundu na hatimaye kutoboka, pengine baada ya miaka mingi. Uvutaji wa sigara na makovu ya upasuaji uliotangulia hudhoofisha mzunguko wa damu, hivyo huongeza hatari zaidi.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anastahili kuelezwa, kabla hajatia saini, ni kitu gani kitakachowekwa, kitatoka wapi, kitalala sehemu gani, na kitaondolewaje kikiharibika. Kisha apewe maelezo hayo kwa maandishi, kwa kuwa daktari atakayemhudumia miaka 15 baadaye huenda asiwe yule aliyempasua. Wekundu, uvimbe, usaha au kusogea kwa kipandikizi, hata baada ya muda mrefu, ni sababu ya kumwona daktari bila kukawia. Daktari asiyeweza kueleza namna ya kukitoa kipandikizi hajastahili kukabidhiwa kazi ya kukiweka.